Maneno Kumi Yaliyotoroka Mezani

Sogea hapo kwenye kochi, ila ubao usiuguse. Tupo East Side ya Columbus, Ohio, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka barabara ya East Main, na jioni hii nyumba ina meza mbili zinazoshindana kwa kelele. Sebuleni kuna bao: mzee wa Tanga anamkabili jirani yetu wa Mombasa, na baba mmoja wa Bukavu, papa kwa Kiswahili cha kwao, anangoja zamu yake huku karata zikimtembea vidoleni. Jikoni mpwa wangu na wenzake watatu wanacheza Dungeons & Dragons, na kwa wanavyopiga mayowe, joka liko karibu.

Miaka yote niliyokaa kati ya meza hizi mbili imenifunza jambo moja, na leo nalisema mbele ya mashahidi. Kanuni za mchezo hutungwa na mwenye mchezo. Misimu yake hutungwa na aliyekaa pembeni, asiye na kete wala dadu, mwenye mdomo tu. Neno likishapata kicheko cha kwanza halikai mezani tena, linavaa viatu linatoka. Haya hapa kumi niliyoyafuata njiani. Tunahesabu kurudi nyuma, na anayebisha asubiri nifike moja.

10. Ishirini mbichi

Dungeons & Dragons ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa Lake Geneva, Wisconsin. Hauna mshindi. Mmoja anasimulia, wengine wanaigiza wahusika wao, na dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua kama upanga umepata au umekosa. Ikitulia na 20 juu, kabla hujaongeza pointi yoyote, Wamarekani huiita ishirini ya asili, na hilo "asili" lao, natural, wameshalikatakata mpaka limebaki silabi moja, nat.

Siku mpwa wangu alipoipata mara ya kwanza alikuja mbio sebuleni: "Mjomba! Ishirini mbichi!" Mbichi kama embe, haijapikwa, haijatiwa chumvi. Mzee wa Tanga hamjui joka huyo wala upanga wake, lakini neno alilipokea palepale. Siku hizi akiambiwa barua ya uhamiaji imekuja na majibu mazuri, anapiga paja: "Ishirini mbichi hiyo!" Kamusi haijapata habari. Sebule imeshapitisha.

9. Kopa, uru, shupaza na pau

Manne kwa bei ya moja, chukueni. Mreno alitolewa Fort Jesus mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Yeye akaenda zake, karata zikabaki mezani, na hakuna aliyemkimbilia kumrudishia. Copas yake ikawa kopa, ouros ikawa uru, espadas ikawa shupaza, paus ikawa pau. Kwake pau ni fimbo. Itazame karata yenyewe: hakuna fimbo, kuna jani lenye vidole vitatu. Jina lilitoka kwenye karata za zamani, picha ikatoka kwenye karata nyingine, na sisi tumewaoza hao wawili bila kuwauliza.

Uru kuna wanaoiita kisu. Papa wa Bukavu anasema jina si kitu, muhimu ni kujua nani anayo mkononi.

8. Maisha

Kila mtoto mwenye simu anajua mhusika wake amebakiwa na maisha mangapi. Hesabu hiyo ya kupigwa bila kufa mara moja, Arneson aliitoa kwenye michezo ya vita vya majini: meli ya chuma haizami kwa kombora la kwanza, ina idadi ya mapigo inayoweza kubeba. Shujaa akahesabiwa kama meli. Jikoni kwangu mpwa anasema, "Nina maisha matatu, mjomba," halafu anaomba chapati. Meli nayo hupakia mafuta bandarini.

7. Mkeka

Mtaniambia kubeti si mchezo wa mezani. Sawa, lakini mkeka ni neno lililotembea kuliko yote ya kizazi hiki, kuliacha nje ni dhuluma.

Unachagua mechi zako kumi, zinapangwa moja chini ya nyingine kama ukili unaoshonwa, na karatasi hiyo ndiyo mkeka. Timu tisa zikishinda na ya kumi ikafungwa dakika za nyongeza, huna hasara ya sehemu moja ya kumi: mkeka umechanika. Utazame uzuri wa neno. Ukili mmoja ukiachia, kitu kizima hakikaliki tena.

Halafu ukaingia Ikulu. Tanzania orodha ya teuzi inapotoka, ya wakuu wa mikoa au wa wilaya, watu hawasemi orodha, wanasema mkeka umetoka. Na wanausoma vilevile: kidole kinashuka jina kwa jina, moyo uko kooni, shangazi anauliza kutoka chumba cha pili kama yumo. Aliyelipeleka neno huko hakuwa mteuzi wala mteuliwa. Alikuwa mtazamaji.

6. Wakili wa meza, na jamaa zake

Kila meza ina mmoja. Kwa Kiingereza cha wachezaji huyu ni mwanasheria wa kanuni: anajua ukurasa, aya na mstari, na joka likimng'ata anakata rufaa. Ukoo wake ni mkubwa. Kuna msimulizi anayemwaga hazina na silaha za ajabu kwa kila anayefungua mlango. Huyo aliitwa Monty Haul, jina lililopindwa kutoka kwa Monty Hall, mtangazaji wa Let's Make a Deal, kipindi cha televisheni ambacho zawadi zilifichwa nyuma ya milango. Kuna mwingine, mzururaji muuaji, mhusika asiye na kwao wala mama, anayemchinja kila anayekutana naye, hata muuza duka aliyemkaribisha maji. Na kuna mkongwe wanayemwita grognard, mnung'unikaji kwa Kifaransa. Hivyo ndivyo walivyoitwa askari wazee wa Napoleon, waliopigana huku wakilalamika. Wachezaji wa vita vya ubaoni walilichukua jina hilo miaka ya 1970, na leo ni la yule ambaye kwake toleo la zamani ndilo lilikuwa mchezo, haya mapya ni maigizo.

Wote hao wanapatikana hapa mjini. Maonyesho ya michezo ya Origins yanafanyika Columbus tangu mwaka 1996, katika jumba la mikutano la High Street. Panda basi la barabara ya Broad, shuka katikati ya mji, ingia, tega sikio. Kabla hujapata kiti utakuwa umewasikia watatu, na wa nne atakuwa anakueleza kwa nini umekaa vibaya.

Sisi tuna mpambe. Kwanza alikuwa mtu wa kumpamba na kumsindikiza bibi harusi. Barazani ni yule aliyesimama nyuma ya mchezaji, mkono begani, anayenong'ona "si hilo, lile pale." Akasogea hadi kwenye siasa, na wapambe wa mheshimiwa wanajulikana kwa suti zao. Mpambe hachezi, hafungwi, na hachoki.

Hebu yapangeni majina haya yote pamoja. Hakuna hata moja linalotaja kanuni. Yote yanataja tabia ya mtu. Rafiki anaharibu mchezo, kumfukuza huwezi, kumgombeza mbele ya watu ni aibu, basi unampa jina la utani linalochekesha na kuuma kidogo, naye kesho anarudi akiwa amepunguza. Katika kazi zote za misimu, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Nimeona ndugu wawili waliokuwa hawasemezani wakikalishwa meza moja na neno "wakili", kwa sababu wote wawili walistahili kuitwa hivyo na wote wawili walicheka.

5. Kulala

Kwenye bao unasambaza kete moja moja, na ya mwisho ikidondoka kwenye shimo tupu zamu yako imekwisha: umelala. Mtaani beki aliyepitwa kalala, mnunuzi aliyechelewa kulipia kiwanja kalala, mchumba aliyesema atapiga simu kesho kalala. Ni usingizi pekee unaompata mtu macho yakiwa wazi.

4. Turufu, na karata tatu

Turufu nayo ni ya Mreno, trunfo, na haijapumzika tangu ishuke jahazini. Kila uchaguzi magazeti yanatuhakikishia kwamba fulani ana karata ya turufu. Nimecheza karata na watu wengi, na mwenye turufu ya kweli huwa amenyamaza, anakuna sikio, anauliza chai imebaki kiasi gani.

Ndugu yake ni kuchanga. Unazichanganya karata kabla ya kugawa, na huo ndio mchezo mzima kwa anayejua. Ndiyo maana mtu anayekwenda kuposa, kuomba kazi au kugombea anaambiwa azichange vizuri karata zake. Papa wa Bukavu anazichanga kwa mkono mmoja. Anazigawa mafungu mawili, anayainamisha, zinaingiana kwa mlio wa bawa la njiwa, na kwa dakika hiyo hata jikoni wananyamaza.

Karata tatu ni jambo jingine kabisa. Karata tatu kifudifudi juu ya boksi, mikono myepesi, sauti nzito, na watu wawili watatu pembeni "wanaoshinda" kila mara. Hao wanaoshinda ndio mchezo. Wewe ndiye malipo. Wengine huuita pata potea, na majina yote mawili yameshahama kutoka kwenye boksi: biashara isiyoeleweka ni karata tatu, safari isiyo na uhakika ni pata potea. Jirani wa Mombasa anasema jina la pili ndilo la haki zaidi, maana angalau linakutajia matokeo, ila limeyapanga vibaya.

3. Kete

Hapa naomba mpunguze sauti kidogo.

Kete za bao ni komwe, mbegu za mkomwe, za kijivu, ngumu, zinazong'aa kadiri zinavyoshikwa. Zinatakiwa 64. Ubao huu ulikuja Columbus ndani ya sanduku, umefungiwa kwenye khanga, lakini komwe zilipotea njiani, na mkomwe hauoti Ohio. Tukanunua vito vya kioo, vile bapa vya kuwekwa kwenye matangi ya samaki. Vinateleza, havina mlio wa komwe, ila vinahesabika. Wiki ya pili vikaanza kupungua. Tukavikuta jikoni: mpwa na wenzake wanavitumia kuhesabu maisha. Kete ileile, huku inaliwa, kule inavuja damu. Tukanunua mfuko wa pili na amani ikarudi.

Neno lenyewe limekwenda mbali kuliko mbegu. Mwanasiasa anacheza kete yake ya mwisho, kocha anamwingiza kijana dakika ya 80 naye ni kete. Mpaka hapo hakuna ubaya, ni bao tu limepata ubao mpana. Lakini limekwenda pia mahali pabaya. Kete ndiyo jina la kifurushi kidogo cha bangi au heroini, na mtu hukamatwa uwanja wa ndege na kete tumboni. Umbo limefanana: kidogo, cha mviringo, kinahesabiwa kimoja kimoja. Aliyelileta neno huko alikuwa na jicho zuri, na hilo ndilo linaloumiza. Mzee wa Tanga akikuta neno hilo kwenye habari za simu yake, anaigeuza simu kifudifudi, anachota kete zake mkononi na kusema, "Hizi ndizo kete." Hakuna anayembishia.

2. Niko kadi

Sasa pandisheni sauti.

Kenya wana mchezo wao wa karata, Kadi, na kanuni zake zinajulikana kwenye mabweni na kwenye viti vya nyuma vya mabasi ya shule. Mbili inamtwisha mwenzako karata mbili, tatu inamtwisha tatu, J inamruka mtu, K inageuza mwelekeo, nane na Q zinauliza swali na lazima lijibiwe. Ukiona zamu ijayo unamaliza, sharti utangaze mapema: "Niko kadi!" Ukisahau kutangaza, umalizaji wako haupo, unaendelea kuteseka na wenzako.

Nilipenda neno hili siku nilipolisikiliza kwa makini. Si "nina kadi". Ni "niko kadi", kama niko safarini, niko tayari, niko nyumbani. Kadi si mali ya mtu tena, imekuwa hali yake. Mwalimu wa sarufi atakunja uso, lakini jaribuni kusema jambo hilo kwa silabi nne kwa njia nyingine.

Hapo ndipo Tanga na Mombasa wanapokosana. Mzee wa Tanga: "Mwanangu, kadi ni ya harusi na ya chama. Mnachocheza ni karata." Jirani: "Mzee wangu, karata ni ya Mreno na kadi ni ya Mwingereza, sasa wewe unamlindia nani?" Papa wa Bukavu akawaambia wote wawili wagawe. Jumamosi iliyopita jirani alikuwa amesimama mlangoni, viatu vimevaliwa, funguo mkononi, anamngoja mkewe watoke. Akapaza sauti ngazini: "Mama Salma, mimi niko kadi!" Mama Salma, ambaye hajawahi kushika karata, akajibu kutoka chumbani: "Basi okota mbili, sijavaa viatu."

1. Bao

Mlidhani nini?

Ubao mmoja, safu nne za mashimo manane, 32 kwa jumla. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Unanamua, unaingiza kete moja kila zamu, unakula, unasambaza, mpaka mkono ukiwa mtupu, ndipo mnaingia mtaji. Mtaji! Sokoni ni fedha ya kuanzia, kwenye siasa ni wafuasi, ubaoni ni nafasi ya kula ukiwa huna tena cha mkononi. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa mchezo huu, na picha zipo za yeye ameuinamia ubao kama mtu anayesoma barua ndefu.

Sasa tazameni jina lenyewe lilivyozaa. Mpira ukiingia wavuni ni bao: la kuongoza, la kusawazisha, la kichwa. Na kichwa kwenye ubao ni shimo la mwisho wa safu ya mbele, kwa hiyo mtangazaji wa redio anaposema "bao la kichwa" mzee wangu anasikia mechi mbili kwa wakati mmoja. Aliyekuzidi kete kazini kakupiga bao. Mganga akitaka kujua nani kakuroga anapiga bao. Kibao ni wimbo uliotamba, ni tangazo la njiani, ni kofi, na pesa zikiwa nyingi ni kibao. Lipo na bao la chumbani. Watoto wako jikoni, tuliruke.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni bao la mkononi. Ukimmaliza mpinzani wakati bado mnanamua, kete zingine hazijagusa hata ubao, umemfunga mkononi. Ndiyo aibu kubwa ya barazani na ndiyo fahari kubwa. Usilichanganye na lile goli la mkono lililotikisa kampeni za Tanzania mwaka 2015. Lile ni la kuingiza mpira kwa kiganja refa akiwa ametazama pembeni. Hili linataka uone hatua nyingi mbele ya mwenzako, huku mpambe wake anamnong'oneza na wako ameishiwa maneno. Mkono na mkononi, herufi mbili tu zinayatenganisha, na kati yao kuna heshima yote ya mchezo.

Mwezi uliopita mzee wa Tanga alimfunga mpwa wangu mkononi. Mtoto alikuwa bado na kete tisa kiganjani. Alizitazama, akatazama ubao, akauliza, "Sasa hizi nizipeleke wapi?" Sebule ilicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Mtoto hakununa. Alibeba neno hilo akalipeleka jikoni.

Na jioni hii, mlipokuwa mnabishana kuhusu kadi, mayowe yamepanda kule. Joka limekufa kabla halijapata zamu yake ya kwanza, halijatema hata cheche. Meza nzima imesimama: mwanangu huyo wa dada yangu, Msomali wa jengo la pili, Mnepali anayesoma naye, na mtoto wa Kimarekani aliyezaliwa hapahapa East Side, wote wakipiga meza kwa viganja: "Mkononi! Mkononi!" Yule Mmarekani hajui Kiswahili kingine zaidi ya hicho na chapati. Nimekwenda kuwaomba wapunguze kelele, nikamkuta ameshaanza kulifupisha. Anasema "mko".